Chupa Iliyopasuka Jumapili: Uchambuzi wa Kisa cha Taka za Asidi ya Nitriki katika Maabara ya Chuo, Malindi

Kisa hiki kimeandaliwa kwa ajili ya kufundishia. Chuo hakitajwi na hakuna mtu wa kutafutwa ndani yake. Vipande vyake vimetokana na aina moja ya ajali inayojirudia katika maabara za vyuo kila pembe ya dunia: taka za asidi ya nitriki zinamiminwa katika chupa iliyokuwa na kiyeyushi, chupa inafungwa, watu wanakwenda makwao. Tumekiweka Malindi kwa sababu joto la kaskazi, paa la mabati, hewa ya chumvi na ugumu wa kusafirisha taka hatari hubadilisha hesabu, na miongozo mingi iliyobandikwa kwenye kuta za maabara zetu iliandikiwa nchi za baridi.

Tunaanza na chumba, kwa kuwa nacho kilichangia.

Chumba cha maandalizi

Ni chumba kidogo kilicho ubavuni mwa maabara ya baiolojia ya bahari: mita 3 kwa 4, dari mita 3, yaani mita za ujazo 36 za hewa. Juu ya dari kuna mabati. Kuna sinki, dirisha moja, na rafu za chuma zilizokwisha kuota kutu kwenye maungio, kama zinavyoota rafu zote za chuma karibu na bahari, na haraka zaidi pale mvuke wa asidi unapoongezea chumvi. Kabati la kufyonza mvuke liko maabara kubwa ya jirani. Chumba hiki kina feni ya ukutani tu, nayo huzimwa kila jioni pamoja na taa.

Humo ndani zilifanyika kazi mbili ambazo hazikupaswa kushiriki chumba. Ya kwanza ni ya wanafunzi wanaopima metali nzito, hasa risasi, kadimiamu na shaba, katika chaza na katika tope la mdomo wa mto Sabaki. Nyama ya chaza hukaushwa, husagwa, kisha kiasi cha gramu moja huchemshwa polepole ndani ya mililita 10 za asidi ya nitriki kali, ile ya asilimia 70, mpaka iyeyuke yote. Vyombo vya kioo navyo hulowekwa usiku kucha katika asidi ya nitriki ya asilimia 10, halafu husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Bila hatua hizo vipimo vya metali haviaminiki, kwa hiyo asidi haikwepeki.

Kazi ya pili ni kuhifadhi samaki wa mfano. Tafi, changu na pono hukaa kwanza ndani ya fomalini, baadaye huhamishiwa ethanoli, yaani pombe, ya asilimia 70. Ethanoli huja katika chupa za kioo cha kahawia za lita 2.5, chupa nzuri zenye vifuniko imara, na hakuna fundi wa maabara anayependa kuzitupa. Zilipangwa tupu chini ya sinki, zikisubiri matumizi.

Kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu

Ilikuwa Machi, joto la kaskazi likiwa kileleni. Ijumaa saa kumi alasiri, mwanafunzi mmoja alikusanya taka za juma lile: mililita 800 hivi za mabaki ya kuchemshia chaza na za kusuuzia vyombo, pamoja na lita moja ya asidi ya zamani iliyogeuka manjano, ambayo fundi aliagiza itolewe kwenye kabati. Chupa ya taka ya kawaida ilikuwa imejaa. Akachukua nyingine chini ya sinki. Lebo yake ilikuwa imebanduka kwa unyevu. Chini kulikuwa na umaji kidogo, mililita 50 hivi, akadhani ni maji ya kusuuzia. Harufu haikumsaidia, kwani chumba kizima kilinuka fomalini.

Alimimina. Hakukutokea kitu: hakuna povu, hakuna moshi, wala chupa haikupata moto mkononi. Akakaza kifuniko, kwa kuwa alifundishwa, na alifundishwa vyema, kwamba chupa ya asidi haiachwi wazi. Akaandika "Taka – asidi" kwenye utepe wa karatasi, akaiweka rafu ya kifuani pembeni ya asidi ya asetiki. Feni ikazimwa, dirisha likafungwa, mlango ukatiwa kufuli.

Jumapili alasiri bawabu alisikia mshindo, akadhani nazi imeangukia mabati. Kwa mtu anayelinda majengo yaliyo chini ya minazi, dhana hiyo haina kosa.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mfanyakazi wa usafi alifungua mlango. Alikuta vigae vya kioo mpaka ukutani, dimbwi sakafuni, doa la kahawia kwenye chokaa, na harufu kali iliyomfanya akohoe. Alifungua dirisha. Kisha akafanya kazi yake: akafagia kioo, akanyunyiza unga wa mbao kwenye dimbwi, akazoa, akapiga deki mara mbili kwa matambara ya pamba, akatia vyote katika mfuko mweusi wa taka na kuuweka kwenye ukumbi. Alikuwa ndani ya chumba kile dakika 20 hivi. Kinga yake ilikuwa glavu za mpira za kuoshea vyombo na barakoa ya kitambaa.

Saa tatu mfuko ulikuwa umepata moto na kuanza kutoa moshi mwembamba. Fundi aliyekuwa akiingia aliubeba kwa kijiti cha deki na kuudumbukiza ndani ya pipa la maji nje. Hicho ndicho kitendo kilichoepusha moto ukumbini, na tunakisifu bila kusita.

Mama wa usafi alisema kifua kinamwasha. Msimamizi wake akamwambia, "Pole mama, kunywa maziwa, ukae kivulini kidogo." Alikunywa, akapata nafuu, akamaliza zamu. Usiku wa saa nne alianza kushindwa kuvuta pumzi akiwa amelala, jirani akaita tuktuk. Hospitali ilimpa oksijeni, na picha ya eksirei ilionyesha maji kwenye mapafu. Alilazwa siku kadhaa, akapona. Daktari aliuliza swali moja mara tatu: alivuta nini? Hadi Jumanne asubuhi hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu.

Ndani ya chupa

Ule umaji wa chini ulikuwa ethanoli. Asidi ya nitriki ni kioksidishaji chenye nguvu, na ethanoli ni chakula chake: huibadilisha kuwa asetaldehaidi, asidi ya asetiki na mazao mengine, huku yenyewe ikitoa oksidi za nitrojeni na, mmenyuko ukiendelea, kaboni dioksidi. Lakini haianzi mara moja. Mmenyuko huu hujichochea wenyewe. Kinachouwasha ni asidi ya naitrasi na nitrojeni dioksidi, navyo huongezeka kadiri mmenyuko unavyosonga. Mwanzo ni mtulivu, unaweza kuchukua saa nyingi, halafu mwendo hupanda ghafla. Utulivu ule ndio uliomdanganya mwanafunzi. Angeona povu, angeiacha chupa wazi na kumwita fundi.

Mambo mawili yalifupisha kipindi hicho. La kwanza ni ile asidi ya manjano. Asidi ya nitriki safi haina rangi. Ikikaa muda mrefu, hasa kwenye mwanga na joto, huvunjika na kubakiza nitrojeni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake, nayo ndiyo inayoleta umanjano. Kumimina asidi ya manjano juu ya ethanoli ni kumimina asidi pamoja na kichocheo chake. La pili ni joto. Kwa makadirio ya kawaida ya kemia, mwendo wa mmenyuko huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Chumba chenye feni na dirisha wazi kinaweza kuwa nyuzi 28. Kikifungwa chini ya mabati mwezi wa Machi, nyuzi 38 si ajabu. Chupa ambayo ingesubiri mpaka Jumatatu ilipasuka Jumapili.

Hesabu ya shinikizo ni rahisi, na inafaa kufanywa ubaoni kila mwanzo wa muhula. Mililita 50 za ethanoli zina uzito wa gramu 39 hivi, sawa na moli 0.86 (moli ni kipimo cha kemia cha wingi wa chembe). Kwenye nyuzi 30, moli moja ya gesi huchukua lita 25 hivi. Ikiwa kila moli ya ethanoli itazaa moli moja tu ya gesi, hizo ni zaidi ya lita 21. Chupa ya lita 2.5 iliyotiwa lita 1.8 ina nafasi ya lita 0.7 tu. Hata sehemu moja ya kumi ya mmenyuko, lita 2.1, inaongeza shinikizo la angahewa tatu juu ya lile la kawaida. Chupa ya kuhifadhia kemikali haikutengenezwa kustahimili hilo. Kwa hiyo kauli ya kwanza iliyosikika chuoni, kwamba chupa ilikuwa na ufa, haina msingi: chupa mpya kabisa ingepasuka vilevile.

Vipi gesi iendelee kuwepo Jumatatu asubuhi, baada ya usiku mzima? Dimbwi halikulala bure. Asidi ilichuruzika kwenye mabano ya chuma ya rafu, na asidi ya nitriki ikikutana na chuma hutoa tena nitrojeni dioksidi, ile gesi ya kahawia. Sakafu ya saruji nayo ilikuwa ikiliwa polepole. Chumba kidogo hakihitaji gesi nyingi. Moli 0.1 ya nitrojeni dioksidi, yaani lita 2.5, ikisambaa katika mita za ujazo 36 inafika sehemu 70 hivi kwa milioni. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka sehemu 13 kwa milioni kuwa kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai, na sehemu 1 kwa milioni kuwa kikomo cha dakika 15 kazini. Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa. Anayeinama na kizoleo huingiza uso wake mahali ilipo nyingi.

Mapafu, maziwa na saa kumi na tano

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwemo wasomi. Amonia au klorini ikikufika, macho na koo hukufukuza mwenyewe. Nitrojeni dioksidi haiyeyuki sana katika maji, kwa hiyo hupita puani na kooni bila kuunguza sana, ikashuka mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu, na huko ndiko inakogeuka asidi. Mtu hukohoa kidogo, huona kichwa kizito, kisha hupata nafuu ya kweli kwa saa kadhaa. Maji kwenye mapafu huanza kujaa baadaye, mara nyingi kati ya saa 4 na 24, na huweza kuchelewa hadi 72. Mama huyu alipata shida saa kumi na tano hivi baada ya kufungua mlango, na hivyo ndivyo gesi hii inavyofanya kazi.

Maziwa huenda tumboni. Gesi haikuwa tumboni. Hatumlaumu msimamizi, kwa maana imani hii imo viwandani, katika gereji za kupaka rangi, mpaka kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Ila madhara yake ni makubwa, kwa sababu yanampa mtu sababu ya kubaki kazini. Na kubaki kazini ndiko kubaya zaidi: mwili unaotumia nguvu unadai hewa nyingi, na pafu lililojeruhiwa hudhoofika haraka.

Kinachotakiwa ni hiki. Mtu atolewe nje mara moja, akae kitako, asitembezwe wala asipande ngazi. Apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, na aende na karatasi yenye mambo matatu: jina la gesi, saa aliyoivuta, na muda aliokaa ndani. Daktari akiyapata hayo atajua kwamba mgonjwa anayepumua vizuri saa mbili asubuhi bado anahitaji kuangaliwa saa 24 kwa uchache. Asipoyapata, ataona kikohozi na kumpa dawa ya kifua. Ngozi iliyoguswa huoshwa kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Ikigeuka manjano, ni alama ya asidi ya nitriki, na jicho lolote lililoguswa ni la daktari.

Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Hata kipumulio chenye kichujio cha mvuke wa viyeyushi, ambacho maabara nyingi zinacho kimoja kabatini, hakikutengenezwa kwa nitrojeni dioksidi. Ndiyo maana kwa chuo chenye uwezo wa kawaida jibu sahihi kwa chumba chenye gesi ya kahawia ni kufunga mlango, kuzuia ukumbi, na kungoja hewa ibadilike kwa kufungua dirisha kutoka nje ikiwezekana. Zima moto hupatikana kwa 999 au 112.

Unga wa mbao, matambara na mchanga

Asidi ya nitriki kali haipanguswi kwa kitu kinachoweza kuungua. Unga wa mbao, karatasi, pamba na majani makavu vyote huoksidishwa, hupata joto, na vikifungiwa ndani ya mfuko joto halitoki. Mfuko uliokutwa unafuka moshi ungeweza kuwaka.

Kinachofaa ni mchanga mkavu wa kuzuia dimbwi lisitambae, na soda ya kuokea, yaani sodiamu bikaboneti, ya kulituliza. Si hamira ya unga (baking powder), ambayo imechanganywa na wanga. Kwa dimbwi la kisa hiki, lita 1.8 zenye wastani wa moli 10 kwa lita, soda inayohitajika ni gramu 1,512, kwa hiyo ndoo ya dharura iwe na kilo 2 kwa uchache, na ikiwa na 3 ni bora. Hunyunyizwa kuanzia ukingoni kuelekea kati, kidogokidogo, mpaka povu likome. Usiimwage yote kwa pamoja: moli 18 za asidi huzaa lita 450 hivi za kaboni dioksidi, pamoja na matone ya asidi yanayorushwa na povu. Kwanza gesi ya kahawia iwe imeisha na madirisha yawe wazi. Anayefanya avae miwani inayofunga pande zote, ngao ya uso, aproni na glavu nene za neoprini au butili. Glavu nyembamba za bluu ambazo kila maabara inazo huliwa na asidi ya nitriki kali ndani ya dakika chache. Hizo ni za kazi nyepesi tu.

Mchanga nao una asili yake. Ule wa ufuo wa Malindi mjini, wa rangi ya kahawia unaometameta, umeletwa na Sabaki kutoka bara, nao ukikaushwa vizuri unafaa. Mchanga mweupe wa Watamu ni matumbawe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti, na ukimwagiwa asidi huchemka. Hautaleta maafa, lakini anayetarajia kizuizi tulivu atarushiwa povu usoni. Andika kwenye ndoo mchanga ulikotoka.

Nani alijua nini

Baada ya tukio, maneno mengi yalimwelekea mwanafunzi. Sisi hatukubali. Tazama jinsi habari zilivyogawanyika. Aliyemaliza ethanoli wiki iliyotangulia alijua kilichokuwamo chupani, lakini Ijumaa hakuwepo. Mwanafunzi alijua anamimina asidi, hakujua ndani ya nini. Fundi alijua tangu chuoni kwamba nitriki na pombe hazikai pamoja, na alijua kuna taka za kutolewa, ila hakuiona chupa iliyochukuliwa. Mfanyakazi wa usafi hakuwa na kipande chochote, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kwanza wa Jumatatu. Ripoti yoyote inayoishia kwa "uzembe wa mwanafunzi" inamwacha yeye mlangoni vilevile, na muhula ujao kutakuwa na mwanafunzi mwingine.

Lebo ya "Taka – asidi" ni mfano mzuri wa maandishi yanayomtosha aliyeandika tu. Asidi zipo nyingi na hazipatani. Ya nitriki na ya asetiki zilikuwa bega kwa bega rafuni kwa sababu zote ni "asidi", ilhali ya asetiki kwa nitriki ni sawa na ethanoli: ni kitu cha kuunguzwa. Kupanga chupa kwa alfabeti au kwa jina la jumla ni kosa lililozoeleka sana, nasi tunalihesabu kuwa zito kuliko lile la Ijumaa, kwa kuwa liliidhinishwa na kila aliyeingia humo kwa miaka.

Kulikuwa pia na hoja kwamba mama yule ni wa kampuni ya usafi, si mwajiriwa wa chuo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haiachi mwanya huo: mwenye mahali pa kazi anawajibika kwa usalama wa watu wote wanaofanya kazi humo. Sheria hiyohiyo inataka ajali iliyojeruhi bila kuua iarifiwe kwa maandishi kwa ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya siku 7. Ikiua, taarifa ndani ya saa 24. Inataka kamati ya usalama na afya palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi wa mshauri aliyesajiliwa kila miezi 12. Kamati ya chuo hiki ilikuwepo. Haikuwa na mtu wa usafi hata mmoja.

Kilichobadilishwa

Chupa za viyeyushi haziruhusiwi tena kurudi kuwa chupa za taka za nitriki, zioshwe zisioshwe. Tungeweza kuagiza kusuuza mara tatu, na kusuuza mara tatu ni kuzuri, lakini sheria inayotegemea Ijumaa saa kumi alasiri huvunjika Ijumaa saa kumi alasiri. Zile tupu chini ya sinki zimeondolewa zote. Taka za nitriki sasa zina chupa yake ya kioo iliyopakwa plastiki, kifuniko chake kina tundu la kupumulia, haijazwi zaidi ya robo tatu, na inakaa ndani ya kabati la kufyonza mvuke, peke yake, katika beseni la plastiki nzito linaloweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake. Mabaki ya kuchemshia chaza hayatiwi humo yakiwa moto: huachwa wazi kabatini mpaka siku ya pili.

Lebo imekuwa ndefu kwa makusudi. Ina jina kamili, makadirio ya ukali, tarehe ya tone la kwanza, jina la anayehusika, alama mbili zenye ukingo mwekundu, ile ya moto juu ya duara na ile ya kuunguza, na mstari mmoja kwa Kiswahili: "Usitie pombe, asetoni, asidi ya asetiki wala fomalini." Huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufifia kwa mvuke na unyevu, kisha hufunikwa kwa utepe angavu. Karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali iko kwenye faili nje ya mlango. Ikiwa ndani ya chumba kilichojaa gesi, haimsaidii mtu. Nakala ya ukurasa wa huduma ya kwanza imefasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi wa usafi, kwa kuwa si kila mmoja wao husoma kwa urahisi.

Rafu za chuma zimetolewa. Kabati la kufyonza hupimwa kila mwezi kwa kipima upepo, na mwendo wa hewa mdomoni ukishuka chini ya mita 0.4 kwa sekunde kazi ya asidi husimama. Stima ikikatika pia husimama, na Malindi hilo si jambo la nadra.

Zamu nayo imegeuzwa. Fundi ndiye anayefungua chumba cha maandalizi, saa mbili, anatazama kutoka mlangoni kabla ya kuingia, anafungua dirisha na kuwasha feni. Usafi unafuata baada yake. Fundi akiona kioo, unyevu au rangi ya kahawia, hakuna anayeingia. Mama wa usafi ana haki ya kukataa chumba bila kuulizwa sababu, na mmoja wao sasa ni mjumbe wa kamati.

Asidi hununuliwa chupa moja moja. Kununua sita kulikuwa nafuu kwa bei, lakini ya sita ndiyo iliyozeeka na kugeuka manjano. Na taka zenye risasi na kadimiamu haziwezi kumiminwa sinki hata zikishatulizwa: tangi la maji taka la chuo linanyonywa na ardhi ya matumbawe, na visima haviko mbali. Lazima zichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na msafirishaji huyo haji kwa lita mbili. Kwa hiyo hujikusanya, na kila lita inayojikusanya ni hatari inayokaa chuoni. Wahadhiri wameombwa kupunguza mililita 10 kwa sampuli ziwe 5 pale chombo cha kuchemshia kinaporuhusu. Wawili wamekubali, majaribio ya kulinganisha matokeo bado yanaendelea.

Upande wa mgonjwa haujafungwa. Gesi hii huweza kurudi kwa awamu ya pili kati ya juma la pili na la sita, pale njia ndogo za hewa zinapoanza kuziba kwa makovu, na dalili huanza kama mafua ya kawaida: homa, kikohozi, pumzi fupi. Amepewa tarehe za kurudi hospitali katika juma la 2, la 4 na la 6, na karatasi yenye jina la gesi ya kumwonyesha daktari yeyote atakayemkuta. Taarifa ya madai chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 imepelekwa na mwajiri wake ndani ya siku 7, na chuo kimekubali kwa maandishi kulipia nauli na vipimo mpaka juma la 6 lipite.